Siku Maza Ilipokufa Kihonda

Habari hii siipendi, nawaambieni kabisa, na kama ingekuwa shauri langu ingebaki kwenye ukoo wetu mpaka wote walioishuhudia wasahau. Lakini kila nikipita pale kwa kinyozi mnaniita Maza, wageni wanauliza kulikoni, na ninyi mnawapa ya kwenu yenye chumvi nyingi (eti nilizimia, mimi sikuzimia), kwa hiyo bora niitoe mwenyewe niaibike mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ile viwanda vyetu vya Morogoro vinabinafsishwa kimoja baada ya kingine, mimi nikiwa karani wa stoo katika kimojawapo, akaja mwenye mali mpya, tukapunguzwa. Wenzangu na kiinua mgongo chao walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua genge, wengine wakaongeza mke. Mimi nikanunua kompyuta. Ilikuwa ya mtumba, imeshashika rangi ya meno ya mvuta sigara, lakini ilikuwa inawaka, na mke wangu Mwajuma akaifumia vitambaa vyeupe, cha kioo, cha printa, cha lile boksi lenyewe, mpaka kipanya nacho kikapata kofia. Nikaiweka sebuleni, nikabandika kibao mlangoni, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kozi fupi mjini, mtaa mzima wa Kihonda ukaanza kuniita mtaalamu. Na mimi, badala ya kukataa, nikaitika.

Nyumbani tulikuwa tunakaa na mama yangu mzazi, aliyekuwa ameshuka kutoka Mkuyuni kuja kutibiwa macho. Hospitali walimpa miwani mizito ambayo alikuwa haivai kwa sababu, anasema, inamzeesha. Kaka yake, mjomba Kibwana, alibaki kule Mkuyuni, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, akikohoa tu watu mnakaa vizuri. Sasa mjomba alikuwa na binti yake, Zaituni, anaolewa na kijana wa Turiani afanyaye kazi kwenye mashamba ya miwa. Harusi ilishaahirishwa mara moja kwa sababu ya mvua kukata barabara, na mama wa yule kijana, Bi Tatu, akatuma neno kwamba ikiahirishwa tena mwanawe anaoa hukohuko Turiani, wasichana hawajaisha. Zaituni alikonda kwa neno hilo, mtoto wa watu, shingo ikabaki mifupa. Mjomba naye, ili kuwaonyesha watu wa Turiani kwamba na Mkuyuni kumekucha, akataka kadi za mwaliko za kompyuta, zenye maua pembeni na njiwa wawili wanaotazamana. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Basi nipo sebuleni alasiri moja nahangaika na njiwa (yule wa kulia alikuwa anakataa kumtazama mwenzake), mawingu yakaanza kushuka kutoka Uluguru, ngurumo zikaanza. Mama alishajihami zamani, ameshafunika kioo cha kabati kwa kanga, ameshamvua mwanangu fulana nyekundu, akaja kusimama nyuma yangu.

"Hamisi, chomoa hilo dude ulifunike. Radi haipendi vitu vinavyong'aa."

"Mama, hii ina stabilaiza."

"Hiyo stabilaiza imeongea na radi?"

Nikacheka, kicheko cha mtaalamu. Sikumaliza kucheka. Nilisikia mlio mmoja tu, paa, sebule nzima ikawa nyeupe, taa ikapasuka, na nilipofumbua macho nilikuwa chini ya meza na kipanya mkononi bado kimevaa kofia yake. Harufu ya kuungua imejaa nyumba nzima. Mama alikuwa amesimama palepale, akaniangalia, akasema, "Haya, mwite stabilaiza akuinue."

Umeme uliporudi nikaanza kazi ya utaalamu. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba ukikwama, zima halafu washa, lakini hii ilishajizima yenyewe, kwa hiyo ikabaki kuwasha tu, nikawasha mpaka kidole kikauma. Nikafungua plagi, fyuzi imeungua, nikafurahi sana, nikaenda kuomba karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara kwa jirani nikaizungushia fyuzi (msifanye hivyo, kwanza ni hatari). Kile kioo kikawasha kitaa chake cha pembeni, nikamwita Mwajuma aje aone, akaja, kitaa kikazima. Nikabadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikafungua boksi lenyewe nikapuliza vumbi, na ndani nikamkuta mjusi amekufa, nikatangaza kwamba tatizo limepatikana, ni mjusi. Nikamtoa mjusi, nikafunga boksi, nikawasha, kimya. Asubuhi nikaamua labda ni unyevunyevu, nikaitandika kompyuta juani kwenye mkeka pembeni ya mpunga wa Mwajuma, kuku wakawa wanaipanda, na mama akipita anaenda chooni akasema niigeuze upande wa pili ikauke vizuri.

Hapo nikakubali yaishe. Nikalifunga boksi kwa kanga nyuma ya baiskeli, mpaka mjini kwa fundi Jofu, ambaye hakuhangaika hata na kuchomeka. Alifungua, akanusa, akatikisa kichwa.

"Maza imekufa."

"Maza ndiyo nini?"

"Hii bodi kubwa hapa. Ndiyo mama wa vyote humu ndani, hivi vingine vyote vinanyonya kwake. Radi imepita nayo." Akaing'oa, akanipa mkononi nyeusi upande mmoja, akaniambia mpya ataagiza Dar, nisubiri wiki mbili, labda tatu.

Harusi ilikuwa wiki inayofuata. Kwa hiyo ningepaswa kulia, lakini ukweli ni kwamba lile neno lilinikaa vizuri mdomoni. Maza. Hilo ni neno la mafundi hasa, hukulipata kwenye kozi, na nilipotoka pale nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia. Ningesema tu "kompyuta imeharibika", kama watu wengine wote wa nchi hii, haya yote yasingetokea, na leo mngekuwa mnaniita Hamisi.

Mkuyuni wakati huo simu za mkononi hazijafika. Ukiwa na neno la kupeleka unakwenda stendi unampa konda wa pikapu za kule, naye analifikisha. Nikamkuta Side, kijana wa mjini wa kofia na miwani ya jua, analisukuma gari lake liwake. Nikamwambia kwa haraka, huku injini inakohoa, "Mwambie mjomba Kibwana, radi imepiga pale Kihonda, maza imekufa, kadi hazitatoka, lakini asihofu."

Side akasimama. Akavua kofia, akavua na miwani. "Dah. Pole sana, braza. Ghafla hivyo?"

"Ghafla tu. Paa, basi."

"Kazi ya Mungu."

"Ndiyo hivyo. Na ndiyo iliyokuwa inanilisha," nikamwambia, na sauti ilinitetemeka kidogo, maana ni kweli ilikuwa inanilisha. Side akanishika bega. Nikaondoka pale nikisema moyoni vijana wa siku hizi wana utu, mtu anaguswa hivi kwa kompyuta ya mwenzake.

Kesho yake, Ijumaa, nilitoka mapema kwenda mjini kutafuta mwenye kompyuta atakayenichapia kadi. Nikazunguka, kila mtu ana kazi zake, mpaka mchana nikarudi mikono mitupu. Nakata kona ya mtaa wetu naona Fuso imesimama mbele ya nyumba yangu, nyuma imejaa kuni, ndizi mbichi na masufuria. Uani kwangu watu wamejaa. Wanaume wamekaa kwenye mikeka wameinamisha vichwa, wanawake wanalia kwa sauti, na katikati yao mke wa mjomba anajipiga kifua akilitaja jina la mama yangu, "Mwanahawa, umetuacha na nani."

Sasa ninyi mngefanyaje? Asubuhi nimemwacha mama mzima anakunywa chai. Nikajua ile radi ya juzi ilimwachia kitu mwilini, na leo imemmalizia hapo nyuma yangu, mimi nahangaika na kadi. Baiskeli sijui niliitupa wapi, nikaangua kilio cha mtoto, nikajibwaga chini, nikagaragara kutoka getini mpaka miguuni kwa mjomba, kwenye tope la mvua ya juzi, na shati langu jeupe, nikilia kwamba ni mimi, ni mimi niliyemuua, aliniambia nichomoe sikuchomoa. Mtaa mzima ukasikia. Wale waliokuwa na wasiwasi kidogo na ile taarifa (maana waliikuta nyumba imefungwa, Mwajuma na mtoto wako kwao Mazimbu) wakaona mtoto wa marehemu mwenyewe anavyogaragara, wasiwasi ukaisha, kilio kikaanza upya. Mjomba akaniinua, akanikumbatia, machozi yanamtoka, akasema, "Nyamaza mwanangu. Kaburi limeshachimbwa. Tuonyeshe alipo tumchukue."

Nikamwuliza, kwani hamjui alipo? Akaniuliza, kwani wewe hujui? Tukawa tunatazamana hivyo.

Ndipo mama akarudi kutoka mashineni. Alikuwa na ndoo ya unga kichwani, miwani hana kama kawaida yake, na kwa mbali akasikia kilio kinatoka kwetu. Mnajua desturi ya wanawake wetu, unaanza kulia kwanza, nani amekufa utauliza ukishakaa. Mama akatua ndoo getini, akajifunga kanga kiunoni, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuingia analia kwa sauti kuliko wote, watu wakampisha, akapita moja kwa moja akaketi kwenye mkeka, bega kwa bega na mke wa mjomba, wakalia pamoja vizuri tu kwa muda. Halafu akamwinamia, akanong'ona.

"Wifi, nani ametutoka?"

Mke wa mjomba akageuka kumjibu.

Aliyezimia ni yule, si mimi. Wengine walitawanyika kama kuku, mzee mmoja aliruka ukuta ambao hata kijana asingeuruka, na mtu mmoja mpaka leo viatu vyake viko kwangu hajavifuata. Mama alibaki amekaa peke yake katikati ya mkeka, anapapasa huku na huku, anauliza, "Jamani, si mniambie? Nani?" Mimi ndiye niliyemfuata. Nilimshika mikono, nikamshika uso, nikamnusa kabisa ananuka unga, na sina haya kusema kwamba nililia mara ya pili, na hii ilikuwa ya furaha.

Watu walipokusanyika tena, mjomba akakohoa, tukakaa vizuri. Akaitwa Side, maana ndiye aliyewaongoza mpaka Kihonda, akasimama na kofia mkononi.

"Wewe uliambiwa nini?"

"Mzee shikamoo. Mimi niliambiwa maza. Sasa kwa mzee kama wewe, nitasimama mbele yako niseme maza? Nikaona ni utovu wa adabu, nikasema mama."

"Aliyekwambia alisema amekufa?"

Side akanitazama kwa huruma. "Alisema imekufa, mzee. Nikajua ni uchungu, mtu aliyefiwa hata Kiswahili kinampotea. Nikamnyooshea. Nikasema amefariki."

Pale kila mtu akanigeukia. Ikabidi niingie ndani nitoe ile maza kwenye kanga, nyeusi vile upande mmoja, niinyanyue watu waione, nieleze kwamba hii ndiyo maza, ndiyo mama wa kompyuta, vingine vyote vinanyonya kwake.  Mama akaomba aishike, akaipapasa, akaisogeza karibu na jicho.

"Hii ndiyo mimi?" akauliza.

Mngetegemea hapo watu wacheke, na wengine walianza, lakini mjomba alikuwa ameshika paji la uso. Jana ileile jioni alishatuma mtu Turiani kupeleka tanzia. Harusi imeahirishwa, dada yangu kapigwa na radi. Maana yake Bi Tatu ameshapata neno alilokuwa analisubiri, na Zaituni, ambaye alikuwa amebaki Mkuyuni anapikia wachimba kaburi, hana tena mchumba, na yote hayo kwa sababu mimi nilipenda neno. Mjomba hakunitukana. Alisema tu, "Hamisi, mtoto wangu umemfanya nini," na afadhali angenipiga.

Tukapanda wote usiku uleule kurudi Mkuyuni, mama mbele kwa dereva kama bibi harusi, ile maza mapajani kwenye kitambaa cha Mwajuma, mimi nyuma juu ya kuni na tope langu. Zaituni alitupokea, akamkumbatia shangazi yake akilia, kisha alipoelezwa habari yote akaacha kulia, akaniangalia, akaingia ndani na kufunga mlango. Nililala barazani kwa hiari yangu.

Jumamosi asubuhi, tunapanga nani aende Turiani kupiga magoti, tukasikia gari. Watu wa Turiani hao, wamejaa, na gunia la mchele, na shehe wao, na yule kijana mchumba amevaa kanzu, na mbele yao Bi Tatu mwenyewe anashuka analia. Kumbe nilisahau jambo ambalo kila mtu analijua. Harusi unaweza kuisusia. Msiba haususiwi.

Alilia mpaka barazani, na aliyempokea barazani ni marehemu.

Bi Tatu hakukimbia, ni mwanamke wa moyo yule. Alisimama, akamkazia macho mama, kilio kikakatika, na uso wake ukaanza kubadilika. "Mnatuchezea," akasema taratibu. "Mmetutoa Turiani kwa uongo wa kifo, tukiwaomba harusi mnatuahirishia. Twendeni." Na watu wake wakaanza kugeuka kweli. Mlango wa ndani ukafunguka kidogo, nikaona jicho la Zaituni.

Mimi nilifungua mdomo nieleze habari za maza. Mama akaninyooshea kidole bila kunitazama, nikafunga.

"Mkwe wangu," akamwambia Bi Tatu, "umenililia kutoka huko kwenu mpaka hapa?"

"Nimekulilia, ndiyo. Sikujua kama ni mchezo."

"Haukuwa mchezo, ni ujinga, na mjinga wangu ni huyu hapa, utamtukana baadaye nikusaidie. Lakini harusi ungekuja kwa kadi. Msiba umekuja kwa mapenzi. Mimi nimeona nani angenizika, wangapi wanaona hivyo? Mtu aliyenililia nikiwa hai, sitakubali aondoke kwangu bila kula."

Bi Tatu alimtazama mama juu mpaka chini. Halafu nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia tena, kumbe kicheko kinamtoka, akaketi palepale kwenye ngazi ya baraza anacheka na kufuta macho, na kila akitaka kuacha anamtazama mama anaanza upya. Kisha akauliza, "Shehe si tunaye? Kijana si huyu? Na huyo anayechungulia mlangoni si ndiye?"

Hivyo ndivyo Zaituni alivyoolewa siku ile, kwa mchele wa rambirambi na ndizi za matanga, mbele ya watu ambao kadi zangu zisingewafikia hata nusu yao, maana tanzia haina mwaliko, ilishuka mlima mzima. Hakuna aliyewaulizia njiwa.

Likabaki kaburi. Kaburi likishachimbwa kwetu haliachwi wazi, litaita mtu, na kwa kawaida huzikwa mgomba. Lakini mtani wa ukoo wetu, mzee Sefu, akakataa katakata. Alisema yeye alitangaziwa msiba wa maza, amefunga shamba lake amekuja kumzika maza, na hataondoka Mkuyuni mpaka maza azikwe. Ikabidi. Nikasimamishwa kando kama mfiwa mkuu, nikaishusha kwa mikono yangu, imefungwa kwenye kitambaa cheupe cha Mwajuma, wakafukia, na mzee Sefu akanipa mkono wa pole na kuniuliza kama ameacha vitoto. Fundi Jofu alipokuja kusikia nimeizika alisikitika sana, eti kulikuwa na vifaa vyake viwili vitatu angevichomoa.

Tangu siku ile sijatamka lile neno kwa mtu, na kompyuta niliyonayo sasa ikiharibika nasema imeharibika, basi. Wingu likionekana tu juu ya Uluguru, hata liwe la Matombo huko, nachomoa, nafunika.

Mkuyuni simu zilishafika. Mjomba ni mzee sasa lakini anayo ya kwake, na kila nikimpigia, iwe ni kumsalimia tu, iwe ni sikukuu, hajaniitikia shikamoo mpaka leo kabla ya kusema, "Mpe mama simu kwanza." Nampa. Mama anasema, "Nipo, kaka," ananirudishia, ndipo tunaongea. Juzi baada ya kunirudishia simu aliniuliza, huku anacheka, siku ikifika kweli nitafanyaje, maana kwa simu hakuna atakayeniamini.

Nilicheka naye, lakini nilishaamua siku nyingi. Siku hiyo, Mungu aiweke mbali, sitatuma konda wala sitapiga simu. Nitapanda Mkuyuni mwenyewe, kule ambako tangu siku ile sijakanyaga bila mama, na mjomba akiniona nashuka peke yangu hatauliza kitu.